Futi Thelathini Kutoka Ukutani

Siku ya soko mjini Busia mtu hageuki, hugeuzwa. Ndivyo Taaka alivyogeuzwa na mama mmoja aliyejitwika tenga la samaki wakavu, akajikuta amebanwa kwenye meza ya Phanuel, seremala wa madirisha, huku amekumbatia bomba la bati lililobeba ramani za ofisi. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1964. Alikuwa akisubiri basi la Tororo, amevaa gauni la bluu lenye mikunjo kiunoni, miwani iliyochongoka pembeni, na viatu vyeupe vya ncha kali ambavyo tope la Busia lilikuwa limeshavihukumu.

Upande wa pili wa meza alisimama mwanamume mrefu mwenye kaki za watu wa misitu, bereti ya kijani imekunjwa begani, viatu vizito vimeshika udongo mwekundu. Alikuwa ametandaza juu ya maranda karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma ya karatasi hiyo alikuwa amechora nyumba kwa penseli.

"Madirisha sita ya mbao," alikuwa akimwambia Phanuel, "na upenu wa mbao utokeze futi tatu, uwe wazi kwa chini, hewa ipite."

"Futi tatu, bwana? Hiyo si nyumba tena, hiyo ni kofia."

"Mvua ya mlimani huijui wewe."

Taaka alikuwa na tabia moja ambayo mama yake, kule Masafu, aliiita ugonjwa: hakuweza kuona mchoro wenye kosa akanyamaza.

"Na moto wa mlimani?" akauliza.

Yule mwanamume akainua kichwa. "Umesema nini, dada?"

"Nyumba yako iko wapi?"

"Elgon. Ndani ya msitu, karibu na kituo chetu."

"Umeizungushia miti pande tatu."

"Miti nimeikuta. Mimi ndiye niliyeongezeka."

"Basi umechora tanuri," Taaka akasema, akaweka kidole penye upenu. "Na huu ndio mdomo wake. Cheche haihitaji mlango. Ikipata mahali wazi chini ya paa, inaingia, inakaa kimya kwenye mbao, na mtu anapoisikia harufu huwa imeshamaliza kazi."

Phanuel alicheka. Yule mwanamume hakucheka. Aliitazama karatasi yake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya pili kutoka kwa mtu yule yule.

"Mke wangu alifia katika nyumba yenye upenu kama huu," akasema. "Na mimi nimekaa nikachora mwingine."

Phanuel aliacha kupiga randa. Taaka, ambaye siku zote alikuwa na hesabu ya kumjibu mtu, safari hii alisema pole. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo karatasi."

Mpaka basi linawashusha wote wawili Tororo, Taaka alikuwa ameshajua jina lake, Ojulong, kwao Mukuju; na alikuwa ameshajua habari yenyewe, aliyoisimulia kwa sauti ya chini huku akitazama mashamba ya pamba. Miaka mitatu iliyopita, wakati wa kiangazi, moto ulizuka kwenye ukingo wa mashariki wa msitu. Yeye na watu wake walikwenda kuupiga. Upepo ukarusha cheche juu ya bonde, zikatua kwenye nyumba ya kituo, iliyoezekwa kwa vigae vya mbao. Akello, mkewe, alikuwa amelala ndani na homa. Binti yao, Amongin, alinusurika kwa sababu moja tu: alikuwa amepelekwa Mukuju kwa bibi yake kuachishwa ziwa. Hakurudi tena. Bibi, jina lake Alaso, alikuwa amemwambia mwanawe maneno machache: mtoto utampata siku utakaponionyesha nyumba isiyoshika moto.

"Kwa hiyo si nyumba unayojenga," Taaka alisema. "Unajenga mtoto arudi."

"Wewe ni mwalimu?"

"Ni mnakili ramani. Ofisi ya ujenzi."

Kazi ya mnakili ramani ilikuwa kutandaza kitambaa cha nta juu ya mchoro wa mhandisi na kuufuata kwa wino, mstari kwa mstari. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba mnakili hasahihishi. Mhandisi akikosea, unanakili kosa. Kwa miaka minne Taaka alikuwa amenakili makosa ya watu wengine kwa mkono usiotetemeka, na sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa na karatasi ambayo kila kosa lingekuwa lake.

Wazo hilo lilimfurahisha kwa siku moja. Siku ya pili likaanza kumnyima hamu ya kula.

*

Kituo cha misitu kilikuwa na simu moja, na Ojulong aliruhusiwa kuitumia Jumatano saa kumi alasiri. Katikati yao alikaa Aboth, mwanamke wa ofisi ya simu ya Tororo, aliyeunganisha waya na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa na masikio.

"Tororo hapa. Ongea, Mlimani."

"Bibi Rula, habari za huko?" Ndivyo Ojulong alivyozoea kumwita.

"Nzuri. Umepima mteremko?"

"Hata salamu hujaimaliza."

"Nimesema nzuri, Bwana Msitu. Mteremko."

"Futi moja kwa kila futi tano, kuelekea kusini-magharibi."

"Basi upande wa chini futi thelathini hazitoshi. Moto ukipanda mlima huinama mbele, unakausha majani kabla haujayafikia."

"Unanifundisha moto mimi?"

"Nakuuliza wewe uniambie."

Ojulong alipenda kuulizwa hivyo. "Chini, sitini, na nyasi zikatwe hadi udongoni. Juu na ubavuni, thelathini. Usibaki hata mti mmoja."

"Sitini. Thelathini. Hata mmoja. Nimeandika."

"Na mimi umeniandika wapi?"

Waya ulilia kidogo.

"Wewe uko nje ya mchoro," Taaka akasema. "Kwa sasa."

"Dakika moja imebaki," Aboth aliingilia. "Dada, mwongezee huyo bwana futi mbili tatu aingie."

Nyumba ilikua hivyo, dakika tatu kwa wiki. Kuta za mawe, kwa sababu mawe yalikuwa papo hapo chini ya udongo. Paa la mabati bila mbao kuonekana popote. Upenu mfupi, umezibwa kwa chini na bamba za saruji. Fremu za chuma, na juu ya kila dirisha bamba la bati la kufunga kwa nje. Tangi la maji upande wa juu, maji yashuke yenyewe. Chumba cha mtoto Taaka alikipa milango miwili, kisha akavipa vyumba vyote milango miwili, kisha akaamka alfajiri moja na kuhesabu tena milango kwa vidole. Juu ya dari, kwenye ncha za kuta mbili, aliweka matundu ya hewa, joto la mabati litoke, na kuandika pembeni kwa herufi safi: wavu wa waya, nusu inchi, kuzuia popo.

Hakuwa mwoga wa moto peke yake. Alikuwa mwoga wa neno "karibu." Karibu sawa, karibu thelathini, karibu kwisha. Aliamini kwamba watu wengi waliokufa ndani ya nyumba walikuwa wameuawa na neno hilo.

Novemba alimuuliza kwenye simu kama miti imekatwa.

"Imekatwa."

"Yote?"

"Taaka, mpenzi, huku juu kuna jua sasa. Sijawahi kuliona jua la saa nne tangu nije hapa."

Alikuwa amemwita mpenzi kwa mara ya kwanza, na Aboth alikuwa amekohoa. Hivyo Taaka, aliyekuwa hodari wa kuona mstari uliopinda, hakuona kwamba swali lake halikujibiwa.

Siku moja baada ya Krismasi Ojulong alikuja Tororo amevaa suti ya kijivu na tai nyembamba, nywele zimechanwa zikakubali. Walikunywa chai kwenye mkahawa ulio mkabala na stesheni, kati ya mizigo na masista wawili waliokuwa wakisubiri treni. Alimletea asali ya mlimani kwenye chupa ya dawa.

"Umependeza," Taaka alisema. "Unafanana na karani wa benki."

"Na wewe unafanana na mtu ambaye hajalala."

"Nilikuwa nafikiria tangi. Likipasuka?"

"Halitapasuka. Taaka, nisikilize. Nyumba ikiisha, utakaa ndani yake? Pamoja nami. Pamoja na Amongin."

Alikuwa amelitarajia swali hilo, na hata hivyo moyo wake ulipiga kama mtu anayegonga mlango usio wake. Msitu. Kiangazi. Mtoto wa mwanamke aliyeungua. Aliweka kijiko sambamba na ukingo wa sahani.

"Nitakaa," akasema, "kama kila namba iliyo kwenye karatasi iko pia ardhini. Sio karibu. Kila namba."

"Kila namba," Ojulong akasema, na alipoisema alikuwa akitazama chai yake.

*

Jumamosi ya mwisho ya Januari Taaka alipanda mlimani kwa mara ya kwanza, katika lori la ofisi lililopeleka saruji juu. Dereva alikuwa Wesonga, mtu wa maneno mengi, ambaye alijua barabara zote za wilaya na habari za kila nyumba iliyo kando yake.

Ojulong alikuwa kwenye kitalu cha miche, juu kidogo. Hivyo Taaka aliiona nyumba kabla hajamwona mwenyewe. Ilisimama mahali palipo wazi, ya mawe ya kijivu, mabati yakimeta, na nyuma yake msitu umepanda hadi kwenye ukungu. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mstari aliouchora mezani Tororo ulikuwa umekuwa ukuta ambao mtu angeweza kuuegemea. Alivua kiatu kimoja kutoa changarawe, akakaa hivyo, kiatu mkononi, akiitazama.

Kisha akazunguka upande wa jikoni, akaukuta mti.

Ulikuwa mpodo mkubwa, na matawi yake yalikuwa yamelala juu ya paa kama mkono juu ya bega. Taaka akatoa utepe wa kupimia kwenye mkoba. Akapima mara mbili. Futi nane na inchi nne.

"Hiyo miti ya Akello," Wesonga akasema nyuma yake. "Mke wa kwanza. Watu wote hapa najua. Alikuwa nakaa hapo chini yake. Hata sasa bwana hawezi kugusa."

Ojulong alikuja mbio kutoka kitaluni, mikono imejaa udongo, uso umejaa furaha. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipouona utepe.

"Futi nane na inchi nne," Taaka alisema.

"Taaka. Mti huu una jambo lake."

"Una jina lake. Nimeshaambiwa."

"Jina gani? Ngoja nikueleze."

"Ulikuwa na Jumatano kumi za kunieleza. Nilikuuliza kama yote imekatwa, ukaniambia habari za jua."

"Ni kweli. Niliona aibu."

"Mimi si mtu wa kumwonea wivu marehemu, Ojulong. Apumzike. Lakini tawi lile likishika moto, litaanguka juu ya jiko ambalo ulitaka mimi nisimame ndani yake, na mtoto amenishika gauni. Umechagua. Ungeniambia tu."

"Sikuchagua kitu."

"Wesonga, twende."

"Chai hata hatujakunywa, dada," Wesonga akasema, kisha akamtazama usoni, akaliwasha lori.

*

Jumatano iliyofuata simu ililia ofisini saa kumi kamili.

"Mlimani wanakuita," Aboth akasema.

"Sema sipo."

"Nitasema upo na hutaki. Sikuajiriwa kusema uongo."

Jumatano ya pili: "Anasema ni dakika moja tu, kuhusu mti."

"Mti naujua. Nimeupima."

Ya tatu, Aboth alianza bila salamu. "Dada, leo msikilize. Anasema amekwenda Mukuju na sasa bibi..."

Taaka akaweka simu chini. Alirudi kwenye meza yake, akatandaza kitambaa cha nta juu ya mchoro wa daraja, akanakili saa nzima bila kosa. Mtu angemwona angesema amepona. Lakini alikuwa haulizi tena mambo madogo madogo, na wenzake walioyazoea maswali yake walianza kuongea kwa sauti ya chini akipita, kama watu walio kwenye nyumba ya mgonjwa.

Asubuhi ya pili yake, Alhamisi, aliinua macho akaona moshi.

Kwenye dirisha la ofisi yao, hewa ikiwa safi, Elgon ulionekana mbali sana, wa bluu, kama kitu kilichochorwa kisha kikafutwa nusu. Sasa nguzo nyembamba ilikuwa imesimama ubavuni mwake. Saa tatu ilikuwa wima. Saa nne ilikuwa imeanza kuinama. Taaka alitazama inainamia wapi, akaweka kalamu chini, na tone la wino likaanguka kwenye kitambaa, la kwanza katika miaka minne.

"Nipe Mlimani," alimwambia Aboth.

"Najaribu tangu saa tatu. Haiiti. Waya umeanguka, au umeungua."

"Yeye yuko wapi?"

"Yeye atakuwa kwenye moto, ndiyo kazi yake. Dada, jana ulinikata sijamaliza. Alitaka ujue kwamba bibi amepanda mlimani, na mtoto. Wako ndani ya nyumba yenu tangu Jumatatu. Bibi amesema ameona, ameridhika."

Taaka alisimama na simu mkononi. Bibi aliyekatalia mtoto miaka mitatu alikuwa ameiona nyumba, akaiamini, akamwingiza mtoto. Aliiamini kwa sababu ya kuta za mawe, na bati, na milango miwili. Hakujua chochote kuhusu futi nane na inchi nne. Aliyezipima alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekaa Tororo siku kumi na tisa, amenuna.

Lori la Wesonga lilikuwa likipakiwa majembe na magunia ya kupeleka kwa wazima moto. Taaka alipanda bila kumuuliza mtu.

Njia ilikuwa ya mwendo wa saa tatu. Alihesabu. Moto wa nyasi kavu, mteremko wa moja kwa tano, upepo wa mchana unaopanda: futi sitini ungezivuka vipi? Usingezivuka. Ungefika kwenye udongo mtupu ukafa. Lakini cheche zingepanda, na zingetafuta kitu kikavu, na kitu kikavu kilikuwa kimelala juu ya paa la jiko. Alihesabu tena akitumaini kupata jibu jingine. Tarakimu zile zile zikarudi.

"Labda hakuna kitu," Wesonga akasema.

"Nani alikuambia ule ni mti wa Akello?"

"Watu."

"Watu gani?"

Wesonga alibadilisha gia, akakohoa. "Watu wa kunywa chai. Mimi mwenyewe sikuuliza."

"Wala mimi sikuuliza," Taaka alisema.

*

Maili moja chini ya kituo walizuiwa. Watu waliokuwa na nyuso nyeusi kwa masizi walishusha majembe, wakasema moto umeshapita upande wa nyumba, sasa unapigwa kwenye bonde la juu. Nyumba? Hawakuijua habari ya nyumba. Taaka akashuka, akapanda kwa miguu.

Ardhi ilikuwa na joto kupitia soli za viatu. Vichaka vilikuwa vimebaki mifupa, na kila baada ya hatua chache kisiki kilikuwa kikifuka moshi peke yake kama mzee na kiko chake. Alijaribu kukimbia, kifua kikakataa. Alipofika kwenye kona ya mwisho alisimama kabla ya kupinda, kwa sababu upande huu wa kona alikuwa bado hajui.

Akapinda.

Nyumba ilikuwa imesimama. Ukuta wa chini ulikuwa mweusi hadi kwenye upenu, mabati yamegeuka rangi ya shingo ya njiwa, mabamba ya madirisha yamefungwa yote. Moto ulikuwa umekuja mpaka mwisho wa nyasi, ukakuta udongo mtupu, ukaishia hapo. Mbele ya mlango, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mzee mwembamba aliyevaa gomesi ya njano iliyojaa masizi, akimwosha uso msichana wa miaka mitano ambaye hakutaka kuoshwa.

Na upande wa jikoni hapakuwa na mti. Palikuwa na kisiki. Taaka alikisogelea, akakigusa. Kisiki kilichokatwa jana huwa cheupe. Hiki kilikuwa kimeshaanza kuwa rangi ya asali. Wiki mbili, labda zaidi.

"Wewe ndiye Rula," bibi Alaso akasema.

"Shikamoo, mama. Ndimi."

"Marahaba. Kaa chini kabla hujaanguka."

Taaka alikaa kwenye ngazi. Amongin akamtazama kwa macho mekundu ya moshi, akakohoa, akaendelea kumtazama.

"Nani aliukata, mama?"

"Mwanangu. Lakini mimi ndiye niliyesema." Mzee alikamua kitambaa. "Kitovu cha huyu nilikizika mimi, pale kwenye mizizi, kwa mikono hii. Kwetu, mti wa kitovu anaukata aliyezika au anayepewa ruhusa na aliyezika. Mwingine akiukata, amemkata mtoto. Sasa huyu bwana anaangusha miti mia kwa wiki, ana chapa ya serikali kofiani, lakini kuja kuniuliza mimi habari ya mti mmoja, anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Mimi. Alidhani nitasema, nyumba haikukutosha, sasa unataka na kitovu. Baada ya wewe kumkimbia akaja Mukuju, akakaa tangu asubuhi hadi saa tisa akiwasifu kuku wangu. Nikajua kuna jambo. Kuku wangu ni wabaya." Akamgeuza mtoto, akaanza sikio la pili. "Nikamwambia, Ojulong, kilichobaki pale ni udongo. Ukate sasa, nikija nitachota udongo niupeleke kwingine. Ndicho nilichokuja kufanya Jumatatu. Mtoto ndiye sitaki aungue. Angeuliza mwaka jana ningemjibu hivyo hivyo."

"Niliambiwa ni mti wa marehemu Akello."

"Akello?" Bibi akaguna. "Akello alikuwa anauchukia. Ulimwangushia takataka juu ya nguo alizoanika."

Taaka alivua miwani akaifuta, ingawa kitambaa chake kilikuwa kichafu kuliko miwani yenyewe. Jumatano tatu. Dakika tatu kila moja. Alikuwa amekataa dakika tisa za ukweli, yeye aliyejiona mtu wa ukweli.

"Nyumba yako nzuri," mzee akaendelea, "lakini ina kosa."

Alionyesha juu, penye ncha ya ukuta. "Moto ulipokuwa unapita, tulikuwa chumbani kwa mtoto, tumefunga kila kitu. Nikasikia harufu, si ya nje. Ya darini. Nikapanda mezani, nikasukuma kile kifuniko. Cheche zilikuwa zimeingia kwa tundu lile, zinakaa juu ya mbao, zimeanza kula. Nikazipiga na gunia la maji. Tundu linapitisha cheche, mwanangu. Nilizihesabu saba."

Taaka aliinua macho. Wavu ulikuwa palepale alipouchora, wa nusu inchi, umefungwa vizuri. Aliuona kichwani mwandiko wake mwenyewe pembeni ya karatasi: kuzuia popo. Alikuwa amefunga upenu, akafunga madirisha, akahesabu milango kwa vidole, kisha akamwachia moto matundu mawili, ameyachora kwa rula. Kama bibi angekuwa na pua dhaifu. Kama angelala.

Amongin alimsogelea, akagusa kiatu chake kilichokuwa cheupe zamani. "Kimeungua?"

"Hapana," Taaka alisema. "Kimechafuka tu."

*

Ojulong alishuka kutoka bonde la juu karibu saa kumi, amejifunga kitambaa mdomoni, nyusi za upande mmoja zimeungua. Alimwona mama yake, akamwona binti yake, akasimama akiwahesabu kwa macho, mmoja, wawili. Kisha akamwona wa tatu.

"Umekuja."

"Nimekuja nimechelewa."

"Nilipiga simu."

"Najua. Sikukusikiliza."

"Nilikudanganya, Taaka. Nilisema imekatwa."

"Ndiyo, ulinidanganya. Na mimi nilichora mlango wa moto juu ya kitanda cha binti yako, nikauwekea wavu wa popo."

Ojulong alitazama juu, akaelewa haraka, maana huo ndio ulikuwa ujuzi wake. Rangi ilimtoka hata chini ya masizi. "Mimi ndiye mtu wa moto," akasema taratibu. "Nilipanda ngazi, nikaufunga kwa mikono yangu. Ningeliona. Sikuangalia, kwa sababu uliandika wewe."

"Usiniamini hivyo tena."

"Na wewe je?"

"Mimi nitaendelea kupima."

"Pima," Ojulong akasema. "Nitashika upande wa pili wa utepe."

Alikaa kwenye ngazi chini yake, mbali kidogo, kwa sababu alinuka moshi na alijua. Mtoto akaenda kumkalia gotini. Bonde la juu lilikuwa bado linanguruma kwa mbali.

"Siwezi kukuahidi kwamba mlima hautawaka tena," akasema. "Utawaka. Mwaka kesho, au mwaka utakaofuata."

"Najua. Nilihesabu njia nzima."

"Na hesabu ilisema nini?"

"Ilisema nisije." Taaka alivaa miwani yake. "Wavu ule ushuke kesho asubuhi. Nataka wavu ambao punje ya wimbi haipiti, matundu yote mawili, tabaka mbili. Kisha utawachukua wazee wako, mwende Masafu kwa baba yangu. Mumwulize. Usisifu kuku."

Bibi Alaso alicheka hadi akashika mbavu, na Ojulong akainamisha kichwa, mabega yakitikisika, isijulikane kama ni kicheko.

Upepo wa alasiri ulikuwa bado unapanda mteremko. Ukaleta majivu, kisha kaa moja jekundu, likatua kwenye vibanzi vilivyobaki kando ya kisiki. Taaka ndiye aliyeliona kwanza. Alilikanyaga kwa kiatu cha ncha kali, akalisaga mpaka likawa jeusi, akachukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni na kuelekea kwenye tangi. Ojulong alichukua ya pili. Walimwagia ukuta wa jikoni mpaka jua lilipoanza kushuka, bila kuambiana nani abebe wapi.